WAULIZWE KABLA, SIYO BAADA

Ziko njia mbili za kufunga shule ya kijiji. Ya kwanza ni kwenda kwa wenye shule, kukaa nao chini ya mwembe, kuwafunulia hesabu, kusikiliza neno lao, kisha kuamua pamoja nao. Ya pili ni kuamua kwanza ndani ya chumba, mbali na kijiji, halafu kumtuma mtu akawatangazie wananchi jambo lililokwisha kukatwa, na utangazaji huo ukaitwa mkutano wa kupata maoni. Leo twataka kusema juu ya njia hii ya pili. Twasema kwa sababu sisi watu wa Chama tuliwahi kuipita, na tuliipita hapa hapa Songea.

Wazee wa mkoa huu hawajaisahau Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanzisha kijiji. Mara ya kwanza walishindwa, wakarudi nyumbani. Mara ya pili walikaza, na kijiji kikasimama. Hawakungoja kuamriwa, wala hawakungoja fedha za Serikali. Vijiji vingine viliona, vikafuata, na vyote vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kufikia mwaka 1969 kilikuwa na vijiji zaidi ya kumi na vitano. Mwingereza mmoja, Bwana Ralph Ibbott, alikaa nao kama mshauri. Lakini jembe lilikuwa lao, na uamuzi ulikuwa wao.

Katika kijiji hicho wakajenga shule. Mwalimu wake mkuu alikuwa Ndugu Toroka. Watoto wa vijiji vingine vya umoja ule walikuja kukaa Litowa na kusoma. Asubuhi kalamu, na saa nyingine jembe. Walilima, walifuga, walikaa mkutano pamoja na walimu wao kupanga kazi na kusemezana makosa. Wazazi waliiita shule yao, na ilikuwa yao kweli kweli. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, watu walioijua Litowa waliona mengi ya andiko lile yakitendeka tayari katika shule ile ya porini.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikutana na kuamua kukivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walioamua walikuwa na hoja yao: kwamba kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa ni ya TANU nchi nzima, na haifai chombo kingine kusimama kando. Hoja hiyo yaweza kujadiliwa. Lakini haikujadiliwa na watu wa Litowa. Viongozi walifika Songea wakiwa na uamuzi mkononi. Mali ya umoja, pamoja na mashine ya kusaga na kiwanda cha kupasua mbao, ikachukuliwa. Walimu wakatawanywa huku na huko. Shule ile ya aina yake ikakoma kuwa yenyewe, ikatiwa katika mkondo wa shule nyingine zote. Wale waliokata miti, waliofyatua matofali na waliotoa watoto wao, hakuna aliyewauliza kama wanakubali au wanakataa.

Twasema wazi: Chama kilikosea. Na kosa halikuwa kwamba Kamati Kuu ilikuwa na nguvu ya kuamua, maana nguvu hiyo ilikuwa nayo. Kosa lilikuwa kuamua juu ya watu pasipo watu. Ubaya wake unazidi tukikumbuka kwamba miezi kumi na moja tu kabla yake, Oktoba 1968, Mwalimu alikuwa ametufundisha katika andiko la Uhuru na Maendeleo kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza wenyewe, kwa kushiriki katika kuamua. Na miezi kumi na saba baadaye, Februari 1971, Mwongozo wa TANU uliwakumbusha viongozi na wataalamu kwamba haki ya kuamua mipango ni ya wananchi, wala kazi ya Chama si kuwahimiza watu watimize mambo yaliyokwisha kukatwa na wachache. Maneno yalikuwa mazuri kabla, na yalikuwa mazuri baada. Katikati ya maneno hayo mazuri tulibomoa kile yalichokisifu.

Tena hatukujifunza upesi. Mwaka 1972 tulivunja serikali za mitaa, na mwaka 1976 tukavunja vyama vya ushirika. Mwalimu mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya kazi yake, hayo ni mambo ambayo asingeyafanya. Kiongozi mkubwa aliweza kusema hadharani kuwa alikosea. Na sisi tulio wadogo wake tusione haya kusema vivyo hivyo.

Huenda msomaji akauliza: haya ya zamani yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu sana. Kila halmashauri nchini yaweza kukutwa na shauri la shule ndogo. Shule ina watoto wachache, walimu wawili au watatu, madarasa yaliyopasuka. Ofisa anatazama hesabu na kuona kwamba kuiunganisha na shule ya kijiji cha jirani kutapunguza gharama na kuwakusanya walimu mahali pamoja. Hatumlaumu ofisa huyo. Mwalimu mmoja kufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja si jambo jema kwake wala kwa watoto. Kama kuna shule jirani yenye walimu wa kutosha, vitabu na madawati, huenda mtoto akapata faida kubwa kuhamia huko. Hatusemi kwamba shule ndogo isifungwe kamwe. Mwenye kusema hivyo anaupenda mlango na kumsahau mtoto anayepita mlangoni.

Tunachosema ni kwamba hesabu za ofisini hazioni kila kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hesabu huonyesha kwamba shule ya pili iko kilometa kadhaa. Haionyeshi kwamba katikati kuna mto ambao mvua za masika zikinyesha hauvukiki. Huonyesha idadi ya watoto wa mwaka huu; haionyeshi watoto wanaonyonya, ambao mama zao wanawajua kwa majina. Haionyeshi kwamba mtoto wa miaka saba akitembea mbali alfajiri bila uji, akifika darasani husinzia, na mwisho huacha shule. Wala haionyeshi msichana anayefika umri wa kuvunja ungo, ambaye baba yake atakataa apite njia ya pori peke yake. Hayo yote kijiji kinayajua, nacho kikiulizwa kitasema.

Liko na jambo la heshima. Wazee wetu wengi wa mkoa huu walipata herufi zao za kwanza katika vishule vya misheni vya udongo na nyasi. Baadaye, ulipokuja mwaka 1977 na elimu ya msingi kwa wote, na tena katika mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, wananchi waliitwa wabebe mawe, mchanga na maji, wakabeba. Ikiwa mwananchi aliulizwa jasho lake siku ya kujenga, kwa nini asiulizwe neno lake siku ya kufunga? Mtu hawezi kuwa mwenye mali wakati wa kuchanga, akawa mgeni wakati wa kuamua.

Sheria nayo iko upande wake. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Na Ibara ya 146 inasema kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa watu wazima wote, kuwa chombo kikuu cha kijiji. Basi mkutano huo si mahali pa kusomewa barua na kupiga makofi. Ni mahali pa kuamulia.

Wala jambo hili si letu peke yetu. China, rafiki yetu wa zamani, ilianza mwaka 2001 kuunganisha shule za vijijini kwa haraka. Katika muda wa miaka kumi shule za msingi za vijijini zipatazo nusu zilitoweka. Watoto wakawa wanatembea mbali, au wanalala bwenini wakiwa wadogo mno. Mwaka 2012 Serikali ya nchi ile ilisimamisha uunganishaji wa pupa, ikaagiza wazazi wasikilizwe kwanza. Huko Uskoti, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2010 inayotaka wananchi wapewe si chini ya wiki sita za kutoa maoni kabla ya shule kufungwa, zikiwemo siku thelathini za masomo, na shule za mashamba zitazamwe kwa uangalifu wa pekee. Nchi moja ni kubwa na ya kijamaa, nyingine ni ndogo na ya kibepari. Zote mbili zimefika mahali pamoja, kwamba mzazi aulizwe kabla.

Basi likizuka shauri la namna hii, kwetu au kwingineko, twaona yafaa yafanyike haya. Kwanza, hesabu zote zibandikwe ubaoni kijijini kwa Kiswahili kinachoeleweka: watoto wangapi, walimu wangapi, gharama kiasi gani, na kitakachookolewa kitatumiwa wapi. Pili, kamati ya shule ipewe muda wa kuzitazama na kuleta hesabu zake yenyewe. Tatu, mkutano uitwe wakati ambao watu hawako mashambani, na saa ambayo akina mama wanaweza kuhudhuria, maana wao ndio wanaowaamsha watoto. Nne, ofisa anayeleta pendekezo aitembee njia ile kwa miguu, siku ya mvua, pamoja na mtoto wa darasa la kwanza. Asiipime kwa gari. Tano, yaliyosemwa yaandikwe, na uamuzi ukitolewa urudishwe kijijini ukiwa na sababu zake: neno gani limekubaliwa, neno gani limekataliwa, na kwa nini. Sita, kama shule itafungwa, kijiji kiamue majengo yatumiwe kwa kazi gani, yasiachwe yakawa makao ya popo.

Haya si mambo ya gharama kubwa. Yanataka muda kidogo na unyenyekevu mwingi. Kiongozi mwenye hoja nzuri haogopi kuulizwa; anayeogopa kuuliza ni yule ambaye moyoni anajua jibu atakalopata.

Na ninyi wananchi, mnao wajibu wenu. Haki ya kuulizwa inakwenda pamoja na kazi ya kuhudhuria. Tusiwe watu wa kukaa kilabuni siku ya mkutano, halafu kesho yake tukalalamika njiani. Mwenye kusema shule ibaki, aseme pia atafanya nini ibaki: nani atatengeneza paa, nani ataandaa nyumba ya mwalimu ili asikimbie, nani atahakikisha mtoto wake anafika darasani kila siku. Shule inayotetewa kwa maneno matupu haitadumu, hata ikiachwa wazi.

Ninyi wafanyakazi nanyi msidhani hili ni la wakulima tu. Mnajua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta tangazo mlangoni kwamba kazi imekwisha, au kwamba mmehamishwa, na hakuna aliyewaita mkazungumza. Uchungu huo ndio wa mzazi wa kijijini. Mwenye kudai baraza kiwandani na amdai mwenzake baraza kijijini.

Kwa wanachama wenzetu, hasa mabalozi na viongozi wa matawi, tuna neno moja la mwisho. Chama hakikuzaliwa ili kipeleke amri kutoka juu kwenda chini. Kilizaliwa ili kipandishe sauti kutoka chini kwenda juu. Balozi anayejua kwamba kijiji chake hakikuulizwa, akanyamaza ili asionekane mkorofi, hakilindi Chama. Anakifanya kirudie Septemba 1969.

Litowa haiwezi kurudishwa. Walimu wake walitawanyika, na watoto wake sasa ni wazee. Lakini deni lake lingalipo, na deni la namna hii halilipwi kwa kujenga mnara. Hulipwa siku ile kiongozi anapoingia kijijini bila uamuzi mfukoni, akaketi, akawaambia wananchi: tuna shida hii, nanyi mnasemaje? Penye wengi hapaharibiki neno, ila sharti hao wengi wawepo wakati neno linapotengenezwa.