Bibi Alijua Mlima Upi Unaua

Jumapili iliyopita spika za kanisa moja hapa Kagugu, Kigali, zilinihubiria hadi kitandani. (Mwaka 2018 serikali ilifunga mamia ya makanisa Kigali, na kelele zilitajwa miongoni mwa makosa yao. Naona kuna waliokwisha kusahau.) Mhubiri alifoka kwamba hadithi za shujaa wa kale Ryangombe na mizimu ya milima ya volkano ya Virunga ni takataka za kishenzi, na kwamba mtoto aliyesoma hana la kujifunza humo.

Takataka? Wazee husimulia kwamba roho za watu wema huenda Karisimbi kupumzika kwenye baridi, na za waovu hutupwa Nyiragongo ziungue. Milima imekwisha kupangwa hapo: huu umetulia, ule unawaka. Kawaulizeni wanajiolojia kama watawaambia tofauti. Kuhusu Karisimbi hakuna kumbukumbu ya maandishi kwamba uliwahi kulipuka. Nyiragongo ulifumuka mwaka 1977, lava ikashuka kwa kasi inayokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2002 ikapita katikati ya mji wa Goma, Kongo. Mei 2021 ikaua tena. Bibi asiyejua kusoma alikwisha kumwambia mjukuu wake ni mlima upi wa kuogopwa.

Halafu kuna mazuku. Watu wa Goma wameonyana tangu zamani juu ya pepo mbaya anayelala mabondeni na kuua bila jeraha: usilale pale, usimpeleke mbuzi pale alfajiri. Wataalamu walikuja na vipimo vyao wakakuta kabonidayoksaidi, gesi nzito kuliko hewa, inayojaa mashimoni usiku upepo ukitulia. Wakaiita mazuku vilevile, mpaka katika vitabu vyao. Wao hawakuona aibu kujifunza kwa mchunga mbuzi.

Jirani yangu, msomi huyo, akanibana: ati Ryangombe aliuawa na nyati, sasa angewezaje kupambana na mlima kama hadithi zinavyodai? Loo! Nani amemwomba Ryangombe kitambulisho? Hadithi inakuonyesha pasipokalika. Basi.

Na msiniambie siku hizi tuna mitambo. Kabla ya mlipuko wa 2021, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikatikiwa ufadhili, hata intaneti ya kupokelea vipimo ikakosekana kwa miezi. Hadithi haihitaji ufadhili. Kule Indonesia, watu wa kisiwa cha Simeulue walirithishana kisa cha tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia kilimani. Mwaka 2004 watu kama 78,000 walikuwa kisiwani. Tsunami iliua saba. Kwingineko katika jimbo lao la Aceh watu waliangamia kwa makumi ya maelfu.

Kama mhubiri ana hasira za ziada, azielekeze huku: Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliporomosha vilima na kuua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na bado kuna wenye fedha wanaochonga vilima vya Kigali wajenge ghorofa. Baadhi yao huketi viti vya mbele kanisani, na sadaka yao ni nono.