Picha ya Mbuyu Darasani

Katika vyuo vyetu vya ualimu picha huhesabiwa miongoni mwa vifaa vya kufundishia, pamoja na ramani na chati. Mwanachuo hufundishwa namna ya kuitundika, namna ya kuuliza maswali juu yake, na wakati wa kuiondoa ili isiwavute wanafunzi somo linapogeukia jambo jingine. Hayo yote ni mema. Lakini hafundishwi jinsi picha ilivyopigwa. Sisi twaona kwamba upungufu huu si mdogo, hasa kwa mwalimu wa jiografia hapa Dodoma na katika uwanda wote wa kati, ambako picha za miti na makorongo hutumiwa kuwaonyesha watoto habari za ardhi ya wazazi wao.

Natuchukue mibuyu miwili yenye urefu sawa, meta 12 hivi, mmoja ukiwa meta 50 nyuma ya mwenziwe. Mpiga picha akisimama meta 10 mbele ya ule wa kwanza, akiwa na lenzi pana ya milimeta 28, mbuyu wa mbele utaijaza picha, na wa nyuma utatokea na kimo cha sehemu moja tu ya sita ya ule wa mbele. Akirudi hadi meta 50 na kutia lenzi ndefu ya milimeta 135, mbuyu wa mbele utabaki karibu na kimo kile kile pichani, lakini wa nyuma sasa utafikia nusu yake. Picha ya kwanza yasema: mti mmoja katika nyika tupu. Ya pili yasema: msitu. Mibuyu haikusogea, aliyesogea ni mpiga picha.

Matundu ya lenzi nayo yana maneno yao. Tundu likifunguliwa sana, mti mmoja huwa dhahiri na vichaka vya nyuma hufifia kama ukungu. Likibanwa, kila jani huonekana. Tena kuna jua letu la adhuhuri. Kamera ikielekezwa kwenye anga jeupe, hupunguza mwanga, na gome la mbuyu, ambalo kwa kweli ni la kijivujivu na lang'aa, hutoka jeusi kama lililoungua moto.

Lipo na jambo la majira, ambalo ni zito kuliko la lenzi. Mvua zetu hunyesha takriban kati ya Desemba na Aprili. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mgeni aonaye picha yake ya Septemba hudhani mti umekufa. Mtoto wa Mvumi hacheki kosa hilo mpaka aulizwe. Akiulizwa, hucheka sana.

Kwa nini tunalishikilia neno hili? Kwa sababu ya Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Kwamba miti na nyasi zilirudi hatubishi. Lakini mwalimu anapotundika picha mbili, ya "kabla" na ya "baada", bila kujua kama moja ilipigwa kiangazi kwa lenzi pana na nyingine masika kwa lenzi ndefu, hawezi kujua ni kiasi gani cha tofauti hiyo ni kazi ya ardhi na ni kiasi gani ni kazi ya kamera. Na katika darasa hilo yumo mtoto ambaye babu yake aliswaga ng'ombe wake kutoka huko. Picha hiyo ni hukumu juu ya wazee wake. Haki yataka ushahidi upimwe kwanza. Watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, waliochunguza mmomonyoko karibu na Dodoma, hawakutosheka na kutazama. Walipima tope lililojaa katika mabwawa.

Tutaambiwa kwamba shule hazina kamera. Siku hizi simu moja ya mwalimu mara nyingi ina lenzi mbili au tatu. Hata pasipo simu, kadi ngumu yatosha. Ikatwe dirisha la sentimeta 9 kwa 6. Mwanafunzi afumbe jicho moja na kuishika kadi sentimeta 7 kutoka jicho lililo wazi: hapo anaona kama aonavyo mwenye lenzi ya milimeta 28. Akiipeleka sentimeta 12 na nusu, anapata ile ya kawaida ya milimeta 50. Sentimeta 34, ile ya 135. Kwa mkono mfupi wa mtoto wa darasa la nne, mwenzake atamshikia.

Zoezi hili lafaa pia kwa picha za vitabuni za miti mirefu ya California, ambayo hupita meta 100 na hupigwa kamera ikiinuliwa juu, mashina yakaonekana kuegemeana. Wanafunzi wasisahau kuwa Kilimanjaro kuna mkukusu uliopimwa ukapatikana na meta 81.5, habari iliyotangazwa mwaka 2016. Picha ya mti wa namna hiyo bila mtu kusimama shinani haina kipimo.

Twapendekeza basi kwamba kila mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha achague mti mmoja karibu na shule, apigilie kigingi mahali aliposimama, na nyuma ya kila picha aandike mwezi, saa, lenzi na upande alioelekea. Mwenzake wa mwaka ufuatao asimame penye kigingi hicho hicho, mwezi huo huo. Mchwa wa huku hula kigingi cha mti upesi, heri jiwe.