Nani Atapima Kazi ya Fundi?



Katika komine ya Bungulu, mjini Beni, nyumba mpya hazikomi kuinuka. Familia iliyokimbia kijiji chake kwa sababu ya mauaji yanayoliandama eneo letu tangu mwaka 2014 hutafuta kiwanja kidogo, hukusanya makuta polepole, kisha humwita fundi umeme. Fundi huonyesha cheti chake. Mama mwenye nyumba hana njia ya kupima ujuzi wa kijana yule, hukiamini cheti. Nyaya zikishafunikwa kwa saruji, hakuna tena anayejua kama zilifungwa vyema, mpaka usiku ule moto utakapowaka.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Neno hilo ni kweli kwa maembe sokoni. Kwa waya uliofichwa ukutani halitoshi. Ndiyo sababu tunawaalika mfikirie kazi ambayo wachache huitaja wanapoulizwa watakuwa nani: uthibiti wa nje wa ubora wa vyeti vya ufundi.

Mwalimu hufundisha, na mara nyingi yeye ndiye hutoa alama. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Shule hupenda wengi wafaulu, wazazi wamelipa, mwanafunzi amechoka kungoja. Kwa hiyo lazima aje mtu asiye wa shule ile. Mtu huyo hawatahini wote upya. Huchagua kazi chache: ya aliyefaulu sana, ya aliyeponea chupuchupu, na ya aliyeshindwa. Huzilinganisha na kipimo kilichoandikwa, hutazama mtihani wa vitendo unavyoendeshwa, hukagua vifaa, huwasikiliza wanafunzi, kisha huandika ripoti. Asiporidhika, hudai marekebisho kabla vyeti havijatolewa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Katika Exetat, mtihani wa Dola ulioanza mwaka 1967, wanafunzi wa idara za ufundi hupita mbele ya jopo la watahini wa vitendo. Tangu mwaka 1964 tunayo INPP, taasisi ya umma ya kuwatayarisha watu kwa kazi. Majirani nao wamejipanga: Kenya ilitunga sheria yake ya elimu ya ufundi mwaka 2013 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, na Tanzania ina VETA tangu sheria ya mwaka 1994. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, fundi wa Butembo anayevuka mpaka Kasindi kutafuta kazi Uganda atapimwa kwa uzito wa cheti chake. Cheti kikidharauliwa, anayedharauliwa ni pamoja na yule aliyekipata kwa jasho.

Basi, kijana ataanzia wapi? Ataanzia kwenye ufundi wenyewe. Asiyewahi kushika mwiko hawezi kuupima ukuta wa mwenzake. Afanye kazi miaka kadhaa, aheshimiwe na mafundi. Kisha ajifunze kutahini, yaani kutoa alama kwa ushahidi anaouona, bila kutazama jina wala kabila. Baadaye ahakiki alama za wenzake ndani ya shule yake. Mwisho ndipo atatumwa nje. Ajizoeze pia kuandika ripoti fupi na wazi, kwa maana hukumu isiyo na sababu iliyoandikwa haimsaidii mtu.

Vishawishi havitakosekana. Katika miji yetu kila mtu ni shemeji au mjomba wa mtu. Siku utakapoikuta shule ya ndugu yako, itangaze mapema ili atumwe mwingine. Bahasha itakuja ikiitwa nauli, au ikiitwa shukrani. Anayeipokea mara moja hana tena sauti chumbani mle.

Lakini kishawishi kikubwa zaidi huja kikiwa kimevaa sura ya huruma. Utaambiwa: watoto hawa wamekimbia vita, mwaka wao wa masomo ulikatika, wapitishe tu. Tunayajua machungu hayo, ni yetu sote. Hata hivyo tunasema kwamba huruma ya kweli humwongezea mwanafunzi muda, vifaa na nafasi ya kurudia mtihani; haimpunguzii kipimo. Kwa maana mama wa Bungulu naye amekimbia vita, na nyumba ile ndiyo mali yake yote.

Katika mkutano wenu ujao, mwalikeni fundi mmoja wa parokia, mkamwulize: kazi yako ya kwanza, nani aliipima, na je, alithubutu kukuambia bado?