Muuguzi Si Ngoma ya Kupigwa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Nami nikiandika juu ya wauguzi wanaopigwa kazini, sisimulii ya kusikia redioni. Mvua hii ilitunyea nyumbani kwetu.

Mamangu ni muuguzi. Usiku mmoja wa Jumamosi, likizo ya Aprili, alikuwa zamu katika kitengo cha dharura cha hospitali ambayo sitaitaja. Wauguzi walikuwa wawili tu, na wagonjwa wamejaa mabenchi hadi nje. Mara akaingia kijana akimkokota mwenzake aliyekatwa mkono katika ugomvi.

"Wee sista, huoni damu? Ama mpaka afe?"

Mama alimwomba angoje kidogo, kwani alikuwa akimshughulikia mtoto mwenye degedege. Kabla hajamaliza kusema, lahaula! Ngumi ya jicho. Asubuhi alirudi nyumbani jicho limefura kama andazi. Hakulia. Aliomba chai tu, akaenda kulala.

Mambo mawili yaliniuma kuliko jicho lenyewe. La kwanza, mkubwa wake alimwambia, "Hiyo ndiyo kazi yetu, zoea tu." La pili, nilipouliza ni nani aliyempiga, nilitajiwa jina ninalolijua. Tuliketi dawati moja katika kidato cha kwanza, kabla hajafukuzwa shule kwa kuvuta bangi.

Basi msomaji mpendwa, maoni yangu ni haya. Kwanza, kupigwa si kazi ya mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na wengi zaidi hutishwa au kutukanwa. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 190 wa kupinga ukatili na unyanyasaji kazini. Hapa Kenya, kumshambulia mtu na kumjeruhi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 5. Sheria haisemi "isipokuwa muuguzi".

Kweli, mama amenifunza kwamba si kila arushaye ngumi ni mkorofi. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka mno, aliyeumia kichwa, au mwenye malaria iliyopanda kichwani anaweza kupigana bila kujijua. Huyo hutibiwa, halaumiwi. Lakini hata huyo hafai kuachiwa muuguzi mmoja usiku wa manane. Pawe na askari wa karibu na wauguzi wa kutosha. Wanaongoja waelezwe mapema kwamba aliyezidiwa ndiye hutangulia, hata kama amekuja mwisho. Nao wahudumu wafunzwe namna ya kumtuliza mwenye hasira: sauti ya chini, kutomzibia njia ya kutokea, kutobaki naye peke yao. Haya si mambo ya anasa.

Pili, ni habari ya kijana mwenyewe. Wapo watakaosema, "Mfungeni, asahaulike!" Tuna taasisi za Borstal za wavulana kule Shikusa na Shimo la Tewa, na ya wasichana kule Kamae. Sawa. Lakini kabla kijana hajafika huko, alipita mikononi mwa nani? Huyu wetu alipita hapa hapa shuleni. Babake alipofariki, alianza kusinzia darasani. Hakuna aliyemwuliza usiku halali kwa nini. Sisi tulimcheka, tukamwita "Popo". Na nisiwafiche, wenzangu: aliyembandika jina hilo ni mimi.

Walimu wangu waniwie radhi nikisema kwamba kumfukuza mwanafunzi bila kumfuatilia ni kuhamisha moto kutoka jikoni hadi sebuleni. Tulimtoa langoni kwetu, akaingia mlango wa hospitali. Idara yetu ya ushauri nasaha isingoje mtu ashikwe na bangi ndipo imwite. Na sisi wanafunzi tukimwona mwenzetu amebadilika ghafla, tumwambie mwalimu tunayemwamini. Huo si uchongezi.

Je, kesi iliishaje? Bado haijaisha. Jamaa zake walikuja kwetu na kuku na maneno matamu, wakitaka yaishe kinyumbani. Mama aliwakaribisha chai, akakataa kuku. "Nikimla huyu," alisema, "kesho atapigwa nani?" Kwa kuwa kijana ana miaka 17, shauri liko katika Mahakama ya Watoto. Huko mama aliomba jambo moja: akipatikana na hatia, awekwe chini ya afisa wa probesheni, aache bangi, asomee kazi ya mikono. Mimi nilidhani huo ni upole uliozidi. Sasa naona mama anataka yote mawili, kijana ajibu kwa kosa lake na pia asipotee. Sioni kwa nini tuchague moja.

Samaki mkunje angali mbichi, na mkono unaokuuguza usiuumize. Siku moja nitaenda kumwona yule niliyemwita Popo, nimwite kwa jina lake. Kalamu yangu naiweka chini hapa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu