FUNDI WA DIZELI SI MTU WA MKONO



Sisi wa reli tunaokaa Rongai tunaishi katikati ya dizeli. Malori na matrekta yanatengenezwa kando ya barabara toka hapa mpaka Kitengela na Kajiado, na treni za reli mpya, iliyofunguliwa kupita Ongata Rongai mwaka 2019, zavutwa na dizeli vile vile. Lakini mafundi wengi wa kazi hii wangali wanalipwa kama vibarua.

Wako wasemao kwamba kazi yetu ni kufungua na kufunga nati tu. Hawajui. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi. Dizeli haina cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kisha nozo hupuliza mafuta, nayo yakawaka yenyewe. Kwa hiyo chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho yaweza kuharibu pampu na nozo. Hewa ikiingia katika bomba la mafuta, injini haiwaki mpaka itolewe. Fundi husoma moshi pia: mweusi, mafuta yamezidi hewa, wa buluu, oili inaungua, mweupe, mafuta hayaungui vizuri au maji yameingia. Na katika kichwa cha treni, injini huzungusha jenereta, na umeme ndio uendeshao magurudumu. Basi fundi huyo lazima ajue na umeme.

Mtu mwenye ujuzi huu akikosa cheti, huandikwa mtu wa mkono, na kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe humpita kwa mshahara. Je, hiyo ni haki?

Njia ipo. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hupima mafundi kwa daraja la 3, la 2 na la 1. Tena kwa sheria mwajiri hutoa Shs. 50/- kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, na aweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Fedha hizo ni kwa faida yetu.

Kwa hiyo tunataka kila tawi liandike majina ya mafundi wasio na cheti, na viongozi wetu wadai mambo matatu: nafasi ya kupimwa, ada ilipwe na mwajiri, na mshahara upande pamoja na daraja. Nasi tusome kwa bidii. Ujuzi hauzeeki, lakini usipoandikwa haulipwi.