Somo Lisilomfikia Mwanafunzi Kiziwi

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kliniki binti kiziwi mwenye umri wa miaka 16. Mama yake ndiye aliyemsemea: "Daktari, ni tumbo tu linamsumbua." Ujauzito ulikuwa wa wiki 22. Tulipompata mkalimani wa lugha ya alama, tulibaini kwamba binti hakuwa na alama ya kutaja uke, wala hakujua namna ya kueleza kuwa hakuridhia. Alionyesha kwa kidole, kisha akafunika uso. Fomu namba 3 ya polisi niliijaza, lakini upande wa maelezo yake ulibaki karibu mtupu.

Binti huyo alikuwa mwanafunzi. Wenzake wanaosikia huambulia mambo ya balehe, hedhi na mipaka ya mwili kutoka kwa shangazi, redio au minong'ono ya bwenini. Kiziwi, ambaye mara nyingi nyumbani hakuna ajuaye lugha yake, hana pa kuyapata isipokuwa darasani.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba alama hizo anazijua, ila huona haya kuzionyesha mbele ya wanafunzi. Namwelewa. Neno hupita sikioni likatoweka. Alama huonekana mkononi. Hata sisi tunaosikia tumejificha nyuma ya "sehemu za siri", jina linalomfunza mtoto kunyamaza kabla hajajua anachonyamazia.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba kufundisha haya ni kumwamsha aliyelala. Tafiti zilizopitiwa na UNESCO katika mwongozo wake wa mwaka 2018 hazikuona kwamba elimu hii huwaharakisha vijana kuanza ngono. Kwa upande mwingine, uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 ulionyesha kuwa uwezekano wa mtoto mwenye ulemavu kufanyiwa ukatili ni karibu mara nne ya ule wa mwenzake asiye na ulemavu. Aliyelala tayari anavamiwa.

Kwa hiyo somo la afya ya uzazi lisihesabiwe kuwa limefundishwa iwapo kiziwi hakupewa alama zake, na asiyeona hakupewa kielelezo cha kupapasa. Nasi wa kliniki tuna deni letu: mzazi asiwe mkalimani wa binti yake. Siku ile nilipaswa kumwomba mama asubiri nje, kwa heshima zote, tangu dakika ya kwanza. Sikufanya hivyo.