Ukiambiwa ndoa yako ina asilimia 90 ya kuvunjika, uliza nani kahesabu

1.
Leo posti ni ndefu. Weka mtoto begani, soma taratibu.

Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Mama mmoja, uzao wa kwanza, siku ya pili baada ya upasuaji. Halali, hali, presha inapanda, mtoto akishika ziwa mama analia. Nikadhani ni kidonda. Nikaangalia, kidonda kiko safi. Nikakaa pembeni ya kitanda nikamuuliza kuna nini.

Akanipa simu. Kumbe kuna maswali kumi yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmegombana wiki hii? Anakusifia? Mnacheka pamoja? Ukimaliza unapewa majibu. Yeye alipewa haya: ndoa yako ina uwezekano wa asilimia 90 kuvunjika, wataalamu wa Marekani wamethibitisha.

Akaniambia, "Dada nesi, sasa huyu mtoto nimemleta wapi?"

(Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane.)

Tangu siku ile nimekuwa na hasira na hiyo namba. Siyo kwamba nazikataa namba, mimi kazi yangu yote ni namba: joto, mapigo, uzito wa mtoto, matone kwa dakika. Nina hasira kwa sababu namba ni kama dawa, ina aliyeitengeneza, ina kipimo, na ukimpa asiyestahili inamdhuru.

2.
Twende tukaitafute hiyo 90 ilikotoka, maana haikuanguka kutoka mbinguni.

Yuko mtafiti wa Marekani anaitwa John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Kwa miaka mingi yeye na wenzake waliwaita wanandoa maabara, wakawaambia waongelee jambo wanalogombania, wakawarekodi kwa video, wakawapima mpaka mapigo ya moyo. Baadaye wakafuatilia nani bado wako pamoja na nani wameachana. Yapo mazuri tuliyojifunza hapo. Kwa mfano, kugombana kwenyewe siyo ugonjwa. Ubaya uko kwenye dharau, lawama za kila siku, kujitetea kila ukiambiwa kitu, na kununa mpaka mwenzio anajiona anaongea na ukuta. Hayo hata bibi zetu waliyajua.

Lakini kilichosambaa duniani ni ile habari kwamba wanaweza kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Hapo ndipo wataalamu wa takwimu walipokunja uso.

3.
Sikiliza kwa nini walikunja uso. Hesabu yake ni ya shule ya msingi tu.

Tatizo la kwanza. Kanuni ya utabiri ilitengenezwa wakati majibu yanajulikana tayari, yaani nani kaachana na nani hajaachana. Ni kama mwalimu akupe mtihani pamoja na majibu yake, ukariri, halafu ufanye mtihani uleule upate 90. Umefaulu, sawa. Lakini hujapimwa. Ukipewa mtihani mwingine ndipo tutajua unajua nini. Mwaka 2001 watafiti wawili, Richard Heyman na Amy Smith Slep, walifanya jambo hilo wazi. Waligawa wanandoa wao makundi mawili, wakatengeneza kanuni kwa kundi la kwanza, wakaijaribu kwa kundi la pili. Kwa kundi la kwanza iling'aa. Kwa kundi la pili ikaporomoka.

Tatizo la pili. Tuseme, kwa mfano tu, kuna ndoa 1,000, na katika miaka kadhaa ijayo 100 zitavunjika. Una kipimo kizuri sana chenye usahihi wa asilimia 90. Katika zile 100 kitazikamata 90. Vizuri. Lakini zile 900 salama nazo zitapimwa, na kipimo kitakosea kwa asilimia 10, yaani ndoa 90 nzima zitaambiwa zinavunjika na hazivunjiki. Jumla watakaoambiwa "yenu inakufa" ni 180, na nusu yao wamesingiziwa. Asilimia 90 imegeuka kuwa kurusha shilingi.

Sisi hospitali tunalijua hili. Kipimo cha kwanza cha VVU kikionyesha virusi, mtu hapewi majibu hapohapo. Tunathibitisha kwa kipimo kingine kwanza. Sasa kama virusi tunathibitisha, ndoa yako inahukumiwaje kwa maswali kumi ya kwenye simu, tena yasiyo na video, yasiyo na maabara, yasiyo na mtu aliyekuangalia usoni?

4.
Msidhani hili ni la Wamarekani peke yao. Sisi wenyewe tulishakosea, tena mimi nikiwepo.

Miaka ya nyuma, kituo kimoja nilichofanya kazi walikuja watafiti kuuliza wajawazito kuhusu msaada wa waume zao. Dodoso zuri, limechapwa, muhuri upo. Tuliombwa sisi manesi tuwahoji akina mama wakati wanasubiri huduma ya kliniki. Tukahoji mamia. Karibu wote walisema mume ananisaidia, mume ananisikiliza, mume ananipa nauli.

Tukafurahi. Jamani wanaume wamebadilika!

Kisha akaletwa mtakwimu, dada mmoja mpole, aje "kuchakata" zile namba. Akatuuliza maswali mawili tu. La kwanza: mama alipojibu, mume alikuwa wapi? Tukatazamana. Wengi wao mume alikuwa amekaa benchi lilelile, goti kwa goti. La pili: kwa nini wengi mliowahoji ni wale waliokuja na waume? Tukamwambia, si unajua, mama akija na mwenza anahudumiwa kwanza, kwa hiyo asubuhi ndio tunaokutana nao tukiwa bado na nguvu za kuhoji. Waliokuja peke yao walihudumiwa mchana, tumechoka, dodoso zimeisha.

Yaani tuliuliza wenye waume wanaowasindikiza kama waume wanawajali, tena mume akiwa anasikiliza. Na hatukuandika popote nani alihojiwa akiwa na nani, kwa hiyo hata kurekebisha ilishindikana. Kazi ya miezi, karatasi boksi kwa boksi, ikaishia stoo.

Mtakwimu mkubwa wa Uingereza, Ronald Fisher, aliwahi kuwaambia wenzake mwaka 1938 maneno ya maana hii: ukimwita mtakwimu baada ya utafiti kwisha, unamwita aje kupasua maiti, labda atakwambia imekufa kwa ugonjwa gani. Ile siku ya boksi nilimwelewa.

5.
Sasa nikupe mfano wa namba ninayoiheshimu, ili usiseme nesi anatufundisha kudharau utafiti.

Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi 10 kuhusu ukatili ndani ya nyumba, na ripoti ikatoka mwaka 2005. Tanzania tulikuwemo, Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, waliowahi kupigwa au kulazimishwa ngono na huyo mwenza walikuwa asilimia 41 Dar na asilimia 56 Mbeya.

Namba hizo nazo zinauma. Lakini tazama zilivyopatikana. Kila kaya alichaguliwa mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue kilichoulizwa na mtu asije kupigwa kwa sababu ya utafiti. Alihojiwa faragha. Mtu akiingia ghafla, mdadisi alifundishwa kugeuza mazungumzo, aongelee kitu kisicho na madhara. Hawakuuliza "unanyanyaswa?" maana hilo neno kila mtu ana maana yake. Waliuliza vitendo: amekupiga kofi, amekusukuma, amekutishia kwa silaha? Na mwisho kulikuwa na kadi yenye picha ya uso wa furaha na uso wa huzuni. Aliyewahi kuguswa vibaya kingono utotoni aliweka alama kwa siri bila kutamka neno. Sehemu nyingi, waliosema kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliosema kwa mdomo.

Ukichagua mwanamke mmoja kwa kaya, mwanamke anayeishi peke yake ana nafasi kubwa ya kuchaguliwa kuliko anayeishi na mawifi wanne. Lazima mtu akae aone kama hilo limepotosha hesabu. Huyo mtu ndiye mtakwimu mshauri. Yeye hagongi mlango wako na humuoni. Lakini ndiye anayeamua wahojiwe wangapi, wachaguliwe vipi, waulizwe wakiwa na nani, na ndiye anayewaambia wakubwa, "hapana, namba hii haisemi hivyo mnavyotaka."

Kwangu mimi huyo analinda mgonjwa kama ninavyolinda mimi.

6.
Ndiyo maana nina neno kwa wewe mama mwenye binti anayependa hesabu.

Tunawaambia watoto wanaofaulu: uwe daktari, uwe injinia, uwe rubani. Nani amewahi kumwambia mwanawe awe mtakwimu? Tena mtakwimu wa mambo ya familia, anayesaidia kujua kwa nini watoto wanadumaa nyumba hii na siyo ile, nani anaamua mama aende hospitali, ndoa zinaumia wapi. Tunaona ni kazi ya kukaa na kompyuta. Mimi nakwambia ni kazi ya huruma yenye kikokotoo.

Na sisi manesi tuna bibi yetu kwenye kazi hiyo. Florence Nightingale, yule mwenye taa, mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa kwenye chama cha watakwimu cha Uingereza. Alihesabu vifo vya askari wa vita ya Crimea, akachora mchoro kuonyesha kwamba wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na magonjwa yanayozuilika. Taa ilimsaidia kumwona mgonjwa mmoja usiku. Mchoro uliwafanya wakubwa wawaone wote.

Hapa kwetu njia ipo. Binti wa EGM au PCM asiogope. Kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar es Salaam, ipo fani ya takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayependa upande wa afya atazikuta takwimu Muhimbili pia. Usimkatishe tamaa kwa kumuuliza "utaajiriwa na nani?" Muulize anapenda kuhesabu nini.

7.
Basi, turudi kwenye simu yako. Ukitumiwa asilimia yoyote kuhusu ndoa, mume, mama mkwe au malezi, iulize maswali haya kabla hujaiamini:

Waliohojiwa ni akina nani, na nani aliachwa?
Walipojibu, nani alikuwa anasikiliza?
Kipimo kilijaribiwa kwa watu wengine, au kwa walewale kilichotengenezewa?
Nani ananufaika nikiogopa?

Isipojibu, ifute. Usiitume kwa dada yako aliyejifungua juzi.

Lakini mdadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu akigonga mlango na kitambulisho chake, mpe kiti na umwambie ukweli. Omba mkae faragha, ni haki yako. Ukisema "tuko salama" na hamko salama, dawa na bajeti zitapelekwa kwingine, na mwanao atahesabiwa miongoni mwa wasio na shida.

8.
Na yule mama wangu?

Nilivuta pazia. Mumewe hakuwepo, mama mkwe alikuwa amelala kwenye kiti huko koridoni. Nikamwambia, weka simu chini. Maswali kumi ya simu yamekupa namba, mimi nina swali moja, na jibu halitoki hapa. Anakupiga?

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Hanipigi, dada. Ila hanisikilizi."

Tukaanzia hapo. Kuna lipi anataka lisikilizwe, na nani katika ukoo mume anamheshimu akiongea. Angesema anapigwa, ningemwelekeza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ningekaa naye mpaka afisa ustawi wa jamii afike. Hakusema hivyo. Alisema hasikilizwi, na hilo lina njia yake.

Kabla zamu haijaisha mtoto alishika ziwa, na mama akasinzia.

Mtumie hii mama aliyejifungua karibuni. Na kama una binti anayeshinda anahesabu hesabu, msomee sehemu ya 6.